Noti, M-Pesa, Bitcoin au dola za simuni: mfanyabiashara wa Mombasa apokee nini?

Ami yangu anauza leso na vikoi Biashara Street. Disemba moja, kaskazi imekolea na wageni wamejaa mji, kijana mtalii alichagua vikoi viwili na doti ya leso, jumla shilingi 3,000, akatoa simu na kuuliza kama anaweza kulipa kwa Bitcoin. Ami akanipigia.

"Mwanangu, kuna mtu hapa ataka kunilipa pesa za hewani. Nizipokee ama nimwache aende zake?"

Nikamwambia amwelekeze kwenye mashine ya benki. Kijana akaenda, akarudi na noti, leso zikafungwa. Lakini jioni ami alinifuata na swali lenyewe: je, kama angalizipokea? Sikuwa na jibu la neno moja. Nikamuuliza mzigo wake ujao ataulipia kwa pesa gani, na kwa nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya Likoni akaambiwa habari za Lamu. Hata hivyo nilikuwa nimemjibu nusu. Ubora wa njia ya malipo hauonekani pale pesa inapopita, unaonekana mlangoni: inapoingia kwako na inapotoka kwenda kwa mwingine.

Makala haya ni jibu lile, limerefushwa kwa ajili ya wengine walio kwenye njia panda hiyohiyo: mwenye duka, mwenye nyumba za wageni Mtwapa, kijana anayefanyia kazi makampuni ya nje kwa kompyuta, baharia, mama wa mahamri.

Tunalinganisha nini, kwa mizani gani

Njia ni tano. Noti na sarafu za kawaida. M-Pesa, hasa namba ya till ya Lipa na M-Pesa na Pochi la Biashara. Bitcoin, sarafu ya mtandaoni isiyo na benki nyuma yake, ambayo ina njia kuu na ina kichochoro chake cha haraka kiitwacho Lightning. Dola za kidijitali, yaani sarafu za mtandaoni zilizofungwa na dola, ambazo kwetu karibu kila mtu akizitaja anamaanisha USDT. Na sarafu ya mtaa, yaani vocha ambazo wafanyabiashara wa mtaa mmoja hulipana wenyewe kwa wenyewe, ambayo wengi wameisahau ingawa ilizaliwa hapahapa Mombasa.

Kila moja nitaiuliza maswali yaleyale. Inakata kiasi gani tangu pesa inapoingia hadi inaponunua bidhaa nyingine? Inafika lini? Kesho itakuwa na thamani ya leo? Ukikosea au ukiibiwa, nani anarudisha? Sheria inasemaje? Na mtu wa pili ataipokea?

Kwanza neno moja kuhusu ahadi ya mwanzo, maana bila hilo huwezi kuelewa kwa nini watu waliipenda hivi. Waraka wa Satoshi Nakamoto, jina alilojiita mbunifu wa Bitcoin, ulitoka tarehe 31 Oktoba 2008, na Bitcoin yenyewe ikaanza kutembea Januari 2009. Malalamiko yake ya kwanza yalikuwa ya kibiashara kabisa: kwamba biashara ya mtandaoni inategemea benki ikae katikati, ukaaji huo una gharama, na gharama hiyo inaua malipo madogomadogo. Huko Marekani muuza duka akipokea kadi hukatwa asilimia 2 hadi 3, na mteja anaweza baadaye kuyakana malipo, mzigo na pesa vyote vikaenda. Kwa mtu kama huyo, pesa inayotumwa moja kwa moja, kwa ada ndogo, isiyorudishwa nyuma, ilikuwa kama mvua baada ya kiangazi.

Ila tazama kalenda. M-Pesa ilizinduliwa Kenya tarehe 6 Machi 2007, mwaka mmoja na nusu kabla ya waraka ule. Ugonjwa uliotajwa kule, huku ulikuwa umeshaanza kutibiwa kwa dawa nyingine. Ndiyo maana mtu akisoma sifa za Bitcoin zilizoandikwa kwa ajili ya muuza duka wa Atlanta, kisha akazileta nzimanzima Kongowea, hesabu inamgomea.

Gharama

Noti zinaonekana hazina ada. Zinayo, ila hailipwi mahali pamoja: chenji inayokosekana asubuhi, noti bandia ya elfu, mtu wa kuzipeleka benki, na ule moyo wa kufunga duka usiku ukiwa na mauzo ya siku nzima mfukoni.

Namba ya till inamkata mwenye duka asilimia 0.55. Kwa zile leso za shilingi 3,000 ni shilingi 16 na senti 50, na malipo ya shilingi 200 kushuka chini hayakatwi. Maumivu huja baadaye, unapotoa kwa ajenti: kutoa zaidi ya 50,000 ni shilingi 309. Kumtumia mtu kiasi chochote kati ya 20,001 na 250,000 ni shilingi 108, na kutuma hadi shilingi 100 ni bure. Kwa hiyo M-Pesa inayobaki ndani ya M-Pesa ni rahisi. Inayotoka ndiyo inayolipa kodi ya mlango.

Bitcoin inahesabu kwa namna nyingine kabisa, na hapa inafaa tutulie kidogo. Ada yake haifuati ukubwa wa pesa. Unalipia nafasi katika daftari la pamoja, na daftari hilo hupata ukurasa mpya kila dakika kumi hivi. Nafasi ni chache: njia kuu inabeba kama miamala saba kwa sekunde, dunia nzima. Wakiwa wachache wanaotuma, ada inashuka hadi shilingi chache. Wakijaa, ni mnada.

Tuchukue siku ambayo ada ni dola mbili, na dola ni shilingi 129. Hiyo ni shilingi 258. Kwenye leso za 3,000, ni zaidi ya asilimia 8, na hakuna muuza leso atakayekubali. Kwenye kontena la shilingi 1,500,000, ni asilimia 0.017, na hakuna benki itakayoifikia. Ada ileile, kwa mmoja ni wizi na kwa mwingine ni sadaka.

Mbona basi miaka ya mwanzo watu waliapa kwamba Bitcoin ni bure? Kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine akiwalipia. Wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazoandika daftari, walikuwa wanapewa Bitcoin 50 mpya kwa kila ukurasa. Kurasa 144 kwa siku, ni Bitcoin 7,200 zinazozaliwa kila siku. Aliyekuwa anazimiliki ndiye aliyekuwa anagharamia, bila kujua, kwa kupunguziwa sehemu yake ya jumla. Zawadi hiyo hukatwa nusu kila baada ya miaka minne hivi: 25 mwaka 2012, 12.5 mwaka 2016, 6.25 mwaka 2020, 3.125 mwaka 2024. Na jumla haitazidi milioni 21. Maana yake ni kwamba kadiri zawadi inavyopungua, ulinzi wa daftari utategemea zaidi ada za watumaji. Ule ubure ulikuwa ofa ya ufunguzi wa duka.

Disemba 2017 ofa iliisha kwa kishindo: wastani wa ada ulipita dola 50 kwa muamala. Mwezi huohuo Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, likaacha kupokea Bitcoin baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, likitaja ada na thamani inayoyumba. Mtu ananunua mchezo wa dola 20 kwa ada ya dola 20, hapo hakuna biashara.

Lightning ilijibu hilo kuanzia 2018. Wawili wanafungua njia kati yao, wanalipana mara nyingi nje ya daftari kuu, na daftari linaandikwa mwanzo na mwisho tu. Ada zake mara nyingi hazifiki shilingi moja kwa malipo madogo. Kwa kikombe cha kahawa tungu Mji wa Kale, hiyo ndiyo Bitcoin inayoingia akilini. Kitu wasichokusimulia ni kwamba wengi hutumia pochi za makampuni yanayoshika sarafu kwa niaba yao, na hapo yule mtu wa katikati aliyefukuzwa mlango wa mbele amerudi kwa uani.

USDT kwenye Tron, mojawapo ya mitandao inayoisafirisha, hukata kama dola moja, siku nyingine mbili au tatu, uwe unatuma dola 50 au 50,000. Tatizo, kama la Bitcoin, ni mlango. Ami hawezi kununua unga kwa USDT. Atamuuzia mtu sokoni kwenye programu ya kubadilishana, mtu kwa mtu, na kulipwa M-Pesa. Mnunuzi akimpa shilingi 127 wakati bei rasmi ni 129, ameshapoteza asilimia 1.5 hivi, karibu mara tatu ya makato ya till. Wauzaji wa kripto, yaani sarafu hizi za mtandaoni, hutangaza ada ya kutuma. Waulize ya kutoka.

Sarafu ya mtaa haina ada hata moja, lakini haitoki mtaani.

Kasi

Hapa tusipoteze muda. Noti ni papo hapo. M-Pesa ni sekunde, mtandao ukiwa mzima. Lightning ni sekunde. USDT ni dakika moja au mbili. Bitcoin ya njia kuu: ukurasa wa kwanza dakika kumi kwa wastani, na kwa mzigo wa thamani desturi ni kusubiri kurasa sita, yaani saa nzima. Kwa kontena, saa moja ni ndoto njema. Kwa mtu aliyesimama mbele yako na feri inamsubiri, ni matusi.

Jambo moja watu hulisahau: M-Pesa inafanya kazi kwa simu ya kitochi bila intaneti. Kripto karibu zote zinataka bando. Wapo waliojaribu kuziba pengo hilo, kama huduma ya Machankura, inayotuma Bitcoin kwa kubonyeza namba za nyota na reli kwenye simu ya kawaida, ila si kitu utakachokikuta kwa mama wa mahamri Majengo.

Thamani ya kesho

Muuza duka anaishi kwa tofauti ndogo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Kama faida yako ni asilimia 15, pesa inayoweza kupoteza asilimia 15 kabla hujaagiza mzigo si pesa, ni bahati nasibu.

Novemba 2021 Bitcoin ilifika karibu dola 69,000. Juni 2022 ilikuwa karibu 20,000. Aliyeweka pale juu mauzo yake ya kaskazi, shilingi 100,000, akasubiri kuagizia mzigo wakati wa kusi, alikuta kama elfu thelathini. Kusi kwenyewe wageni wamepungua, bahari chafu, na sasa mtaji nao umezama. Kwa haki, nisimulie na upande wa pili: aliyenunua mwisho wa 2022 ikiwa karibu dola 16,500 na kukaa nayo hadi Disemba 2024 ilipovuka 100,000, alizidisha mara sita. Ila huyo hakuwa anafanya biashara ya leso. Alikuwa anaweka akiba, tena akiba ya roho ngumu.

Na hapo pana fumbo lililoisumbua Bitcoin tangu utoto. Pesa inayotarajiwa kupanda, nani ataitumia? Tarehe 22 Mei 2010 Laszlo Hanyecz wa Florida alilipa Bitcoin 10,000 kwa piza mbili, ununuzi wa kwanza wa kitu halisi unaokumbukwa. Kila mwaka watu humcheka. Mimi naona yeye ndiye pekee aliyeichukulia ahadi kwa dhati: aliitumia kama pesa. Wanaomcheka wanathibitisha kwamba wenyewe hawaioni kuwa pesa ya kutumia. Wino hauwezi kuwa wa kuandikia na wa kuhifadhiwa kabatini kwa wakati mmoja.

USDT imefungwa na dola moja, kwa hiyo haina mawimbi hayo. Ina mawili mengine. La kwanza, inategemea kampuni iliyoitoa iwe kweli na akiba. Tusidanganyane kwamba kila sarafu inayodai kuwa sawa na dola ni sawa na dola. TerraUSD ilidai hivyo, na Mei 2022 ikasambaratika ndani ya siku chache, ingawa yenyewe haikuwa na dola nyuma yake bali hesabu za kompyuta. Machi 2023 hata USDC, dola nyingine ya kidijitali yenye akiba halisi, ilishuka hadi senti 88 hivi kwa siku kadhaa kwa sababu sehemu ya akiba ilikuwa kwenye benki iliyofilisika. La pili, shilingi yetu nayo hutembea. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, kufikia mwisho wa Machi ilikuwa karibu 130. Aliyekimbilia dola kwa hofu, kisha akarudi kwenye shilingi, alipoteza karibu moja kwa tano. Anayelipa mzigo kwa dola hakupoteza chochote. Unaona tunarudi kwa lile swali nililomuuliza ami.

Noti na M-Pesa ni shilingi ileile, na mfumuko wa bei wa shilingi unakula zote mbili sawa. Tofauti ni kwamba unakula polepole, na kodi ya duka lako pia iko kwa shilingi.

Makosa, wizi na kurudishiwa

Ahadi ya mwanzo ilikuwa kwamba malipo yasiyorudishwa yanamlinda muuzaji. Ni kweli. Kila mwenye duka anajua mteja anayeonyesha ujumbe wa kughushi wa M-Pesa, au anayelipa kwa namba ya kawaida kisha anatuma ujumbe kwa namba 456 kudai alikosea namba. Kwa Bitcoin iliyothibitishwa, mchezo huo hauchezeki.

Lakini panga hilo linakata kotekote. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma USDT za dola 40 kupitia mtandao ambao pochi ya mpokeaji haikuupokea. Anwani ilikuwa sahihi, jina la sarafu sahihi, barabara ndiyo haikuwa yenyewe. Niliandikia huduma kwa wateja wiki mbili nzima. Nilijibiwa kwa adabu kubwa, na dola 40 hazikurudi. Ingekuwa M-Pesa, ningepiga simu, na huenda ningezipata. Huduma ya mtu wa katikati unailipia kwa ada ndogondogo, na siku kama hiyo ndipo unapoona ulikuwa unalipia nini.

Kisha kuna swali la nani anashika funguo, yaani siri zinazofungua pochi ya sarafu. Ukizishika mwenyewe, maneno yako ya siri yakipotea au karatasi ikilowa, hakuna ofisi ya kwenda na kitambulisho. Ukimwachia kampuni, umeikopesha kampuni. Mt. Gox ya Tokyo, soko la kubadilishia Bitcoin, ilianguka Februari 2014 ikidai kupotelewa na Bitcoin zipatazo 850,000. FTX, soko jingine la namna hiyo, ikafuata Novemba 2022. Noti za chini ya godoro zinaibwa na mwizi mmoja, usiku mmoja, nyumba moja.

Sheria na kodi

Disemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilionya umma kwamba Bitcoin si pesa halali na hakuna wa kumlinda mtumiaji. Onyo hilo lilikaa kwa karibu miaka kumi kama wingu lisilonyesha. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaleta kodi ya asilimia 3 ya thamani yote ya mali ya kidijitali inayohamishwa, kuanzia Septemba 2023, uwe umepata faida au hasara. Kwa malipo ya kila siku hiyo ilikuwa sawa na kumfunga mtu jiwe mguuni kisha kumwambia aogelee. Iliondolewa Julai 2025, pahala pake pakawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada wanazotoza watoa huduma, si juu ya pesa yako nzima. Oktoba 2025 Rais alitia saini sheria ya watoa huduma za mali ya kidijitali, inayowaweka chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Kwa muuza duka hilo lina maana mbili. Sasa unaweza kuuliza kampuni iko wapi na leseni yake, nayo haina haki ya kukasirika. Na mapato ya biashara ni mapato, yakija kwa till au kwa sarafu. Kuyaficha ndani ya daftari ambalo dunia nzima inaweza kulisoma milele ni ujanja wa mbuni.

Sarafu ya mtaa ndiyo iliyopata mtihani mkali kuliko zote. Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha ziitwazo Bangla-Pesa: muuza maji anamlipa fundi cherehani, fundi anamlipa muuza mboga, siku ambazo shilingi zimeadimika lakini kazi na bidhaa zipo. Mwezi haukuisha, waanzilishi wakakamatwa na kushtakiwa kwa mambo ya kughushi. Agosti mwaka huohuo mashtaka yakaondolewa. Wazo halikufa, lilikuja kuwa Sarafu, mfumo wa vocha za jamii ambao baadaye uliandikwa kwenye daftari la kidijitali.

Naongeza kwamba mji huu hauogopi pesa mpya. Neno "pesa" lenyewe ni paisa ya Kihindi. Reale za Maria Theresa zilipita hapa, rupia zikapita, na mwaka 1888 Kampuni ya Imperial British East Africa iligonga sarafu yake ya shaba yenye jina la Mombasa na picha ya mizani. Kila moja ilikubaliwa kwa sababu ileile: jahazi linalofuata lingeipokea.

Mtu wa pili

Hili ndilo swali lililoangusha majaribio mengi. Januari 2014 Overstock, duka la mtandaoni la Marekani, ilianza kupokea Bitcoin, na makampuni kama BitPay yalikuwa tayari yanawasajili wenye maduka. Mteja analipa Bitcoin, kampuni inaibadilisha palepale, muuzaji anapata dola. Salama kabisa. Lakini fikiria uchumi wake: muuzaji anayebadilisha yote papo hapo hajaingia kwenye mzunguko, ameweka kituo cha kuuzia Bitcoin. Mwaka huo idadi ya wapokeaji iliongezeka, na bei ikaanguka kutoka karibu dola 770 hadi karibu 320. Sababu zilikuwa nyingi, Mt. Gox ikiwa mojawapo, lakini mwaka huo ulionyesha kwamba kupokelewa si sawa na kuzunguka. El Salvador nayo ilijaribu kwa amri, ikaifanya Bitcoin pesa halali Septemba 2021. Januari 2025 ikailegeza sheria hiyo, mfanyabiashara akawa na hiari.

Majaribio yaliyodumu ni madogo na yamejifunga mahali pamoja, kama Kibera, ambako baadhi ya wauza bidhaa na waendesha boda hupokea Bitcoin kwa Lightning na kulipana wenyewe. Bangla-Pesa ilifuata akili hiyohiyo, ikiwa na nguvu ya kujuana. USDT imepita njia nyingine: haina duka la rejareja linaloipenda, lakini wauzaji wa jumla wengi wa nje wanaikubali bila kusitasita. M-Pesa inapokelewa na kila mtu Kenya, kisha inafika mpakani na kuanza kugugumia. Na noti ya shilingi, vuka nayo Horohoro uone.

Kwa hali yako

Ukiuza rejareja kwa wenyeji na mzigo unaununua Kongowea au Marikiti, till na noti zinakutosha. Hakuna ada ya kripto, hata ya Lightning, itakayokufidia kero ya mlango.

Ukiuza kwa watalii, kupokea Lightning si jambo la kutisha, mradi bei uiandike kwa shilingi, ubadilishe siku hiyohiyo, na usiweke humo zaidi ya unachoweza kukikosa. Usitarajie foleni. Ni mteja mmoja mmoja, na huyo hununua zaidi akifurahi.

Ukiagiza kutoka Dubai au Guangzhou na muuzaji wako anakubali USDT, hapo ndipo hesabu inapogeuka. Linganisha jumla ya siku hiyo: bei ya kununulia USDT, ada ya kutuma, dhidi ya bei ya dola ya benki, ada ya benki na siku za kusubiri. Siku nyingine benki inashinda. Wapo pia watakaokwambia hawala ya baba zao inazishinda zote, nami sitabishana nao. Tuma kidogo kwanza, thibitisha mtandao kwa sauti kwenye simu, kisha tuma kilichobaki.

Ukilipwa na makampuni ya nje kwa kazi ya kompyuta, au wewe ni baharia unayelipwa dola, USDT inaweza kukufikia haraka, nawe ukachagua siku ya kubadilisha. Ila ukiwa na mkopo na karo za shilingi, usicheze na dola kama anayejua yajayo. Badilisha ya mwezi, acha ya akiba.

Unayetaka Bitcoin yenyewe kwa miaka mingi, inunue kama akiba, mbali na sanduku la duka, na ushike funguo zako.

Mkiwa kikundi mtaani mnaofahamiana, na tatizo lenu ni shilingi kuadimika katikati ya mwezi, someni yaliyotokea Bangladesh kabla hamjasoma lolote kuhusu Bitcoin. Mwanzo ni kuandika nani anauza nini, na nani yuko tayari kupokea vocha za nani, hadi kiasi gani.

Ami, kwa taarifa yenu, bado anapokea noti na till. Lakini mzigo wake wa leso zinazochapwa India anaulipia kwa dola, na juzi aliniuliza tena, safari hii akiwa na kalamu na karatasi: "Haya, niambie. Kuingia wakata ngapi, na kutoka wakata ngapi?"